Kufunga ndoa bomani Kigoma: karatasi, siku 21 na mambo yanayokwamisha

Maswali ni yaleyale kila msimu wa harusi. "Leseni ya ndoa inachukuliwa wapi?" "Tukienda Alhamisi, Jumamosi tunafungishwa?" "Cheti cha ubatizo kinatosha?" "Mwenzangu ni Mrundi, itawezekana?" Mwongozo huu ni kwa mnaotaka ndoa ya serikali mkoani Kigoma, ile ya bomani, yaani ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mnaofunga kanisani, msikitini au kimila mna sehemu yenu huko chini, na msiiruke.

Tuanze na hilo la leseni. Kwa kawaida hapa Tanzania huchukui leseni ndipo ukaoe. Unachopeleka ni taarifa ya nia ya kufunga ndoa, kisha unasubiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa hiyo itolewe angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Leseni ipo, lakini ni leseni maalum kwa wenye sababu nzito ya kutosubiri siku hizo, na tutaifikia.

Kwa hiyo kamati ya harusi ikikuuliza tarehe, jibu lisitoke kwa mwenye ukumbi. Litoke bomani. Wengi wanachapisha kadi, wanakusanya michango, wanalipia muziki na mpambaji, halafu wiki ya mwisho ndipo wanakumbuka karatasi. Fanya kinyume: hesabu siku zako kwanza, ukumbi ufuate.

Jiridhisheni kwanza kama mnaruhusiwa

Umri. Maandishi ya sheria ya 1971 yaliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zikasema vifungu hivyo vya umri vinakwenda kinyume na Katiba. Msipoteze nauli kupeleka fomu ya binti wa chini ya miaka 18, hata baba yake akiwa ameshasema ndiyo. Na mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari haolewi wala haoi: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, adhabu ni kifungo cha miaka 30. Hapa wanaojidanganya ni wale wanaosema "ametimiza 18, anamalizia tu kidato cha sita". Bado ni mwanafunzi.

Ndoa ya awali. Aliyeachana na mwenzake kwa maneno, kwa kurudishiana mahari au kwa kikao cha wajomba, serikali bado inamhesabu kuwa yumo ndani ya ndoa. Ndoa inavunjwa na mahakama. Hata talaka ya Kiislamu inapaswa kupita mahakamani ndipo itambulike kwa sheria ya nchi. Bila hukumu hiyo usiandike "sina ndoa".

Undugu. Wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja na wengine wa karibu waliotajwa kwenye sheria hawaoani. Ukoo mpana ni habari ya wazee wenu, si ya msajili.

Mahari. Sheria inasema wazi kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa au haikumalizika. Salio la ng'ombe wa mjomba haliwezi kuzuia kalamu ya msajili. (Linaweza kuzuia amani ya nyumbani, lakini hilo halijazwi kwenye fomu.)

Dini. Mwislamu na Mkristo wanaweza kufungishwa bomani bila yeyote kubadili dini, na Ujiji na Kigoma mjini hii ndiyo sababu kubwa ya watu kwenda huko. Vipimo vya afya ambavyo makanisa mengi yanavidai si sharti la Sheria ya Ndoa.

Mfuko wa karatasi

Nunueni faili moja la plastiki, karatasi zote zikae humo. Kwa kila mmoja wenu:

- Kitambulisho cha NIDA, au namba yake iliyochapishwa kama kadi haijatoka.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), halisi na nakala mbili.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Picha za paspoti saizi, nne. Huenda zisitumike zote, ila kukosa moja kutakurudisha studio.
- Kiapo cha hali ya ndoa, ofisi ikikidai.
- Kwa mjane au mgane: cheti cha kifo cha mwenzi. Kwa mtalaka: hukumu ya mahakama na hati ya talaka iliyosajiliwa.
- Kwa mgeni: pasipoti na karatasi nyingine zilizoelezwa chini.

Pia mashahidi wawili, wenye umri usiopungua miaka 18, wanaoelewa lugha itakayotumika, kila mmoja na kitambulisho chake.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachochelewesha watu wa vijijini kuliko kitu chochote. Aliyezaliwa nyumbani Kalinzi au Buhingu miaka 25 iliyopita na hakuandikishwa atapita kwenye usajili uliochelewa, ambao una maombi yake na ushahidi wake: cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule, kitambulisho, maelezo ya wazazi. Hilo ni zoezi la wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi. Anza nalo miezi miwili au mitatu kabla ya kumtuma mshenga kutaja tarehe. Na cheti cha ubatizo kinasaidia kupata cheti cha kuzaliwa. Hakikai mahali pake.

Hatua kwa hatua

1. Tambua boma lako ni lipi. Mkoa una wilaya sita: Kigoma, Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Ndoa za serikali zinashughulikiwa kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na Katibu Tawala wa Wilaya, yaani DAS, ndiye msajili wa wilaya kwa niaba ya RITA. Msichanganye wilaya na halmashauri. Mkazi wa Mwandiga yuko halmashauri ya wilaya na mkazi wa Gungu yuko manispaa ya Kigoma/Ujiji, lakini wote wana Mkuu wa Wilaya mmoja, wa Kigoma. Mkazi wa Ilagala, aliyezoea kwenda mjini kwa kila shida, wilaya yake ni Uvinza. Pelekeni taarifa mahali ambapo angalau mmoja wenu anaishi na anafahamika. Tangazo linabandikwa ili wanaowajua walione, si ili kupamba ubao.

2. Nenda ukaulize kabla ya kuandika chochote. Ofisi za serikali hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Fika asubuhi. Uliza haya: fomu ya taarifa inapatikana kwa nani, ada zote ni kiasi gani, ya taarifa, ya kufungisha na ya cheti, viapo gani vinatakiwa, kama wanafungisha siku za wiki tu, na kama msajili atakuwepo wiki mnayoifikiria. Swali hilo la mwisho watu hulidharau. DAS ana vikao, ana ziara, na Mwenge wa Uhuru ukiwa njiani kuingia wilayani hakuna wa kukufungisha ndoa siku hiyo. Ukitoka bomani bila kuuliza hilo utarudi kuliuliza na shela mkononi.

3. Chukueni barua za mtaa. Kila mmoja anakwenda kwao: mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji. Barua iwe imeelekezwa kwa Katibu Tawala wa Wilaya, siyo "kwa yeyote anayehusika". Itaje jina kamili kama lilivyo NIDA, muda uliokaa hapo, hali ya ndoa (hajaoa, hajaolewa, mjane, mgane au mtalaka) na kwamba anataka kufunga ndoa na fulani bin fulani. Iwe na tarehe, saini na muhuri unaosomeka. Muhuri uliopauka ambao unasoma "...TAA WA ...WANGA" utakurudisha. Kagua ukiwa bado mezani kwa mtendaji, umwombe kwa adabu agonge tena.

4. Oanisheni majina. Hapa ndipo faili nyingi za Kigoma zinakwama, kwa hiyo tukae kidogo. Tandaza NIDA, cheti cha kuzaliwa, barua ya mtaa na cheti cha shule juu ya meza, usome jina herufi kwa herufi, siyo kwa mazoea. Utakuta NIDA inasema Ramadhani, cheti kinasema Ramadhan. Hamisi hapa, Khamis pale. Kwenye majina ya Kiha, R na L zinabadilishana kutegemea masikio ya karani wa siku ile: Ntirampeba kwenye cheti, Ntilampeba kwenye NIDA. Wengine jina la tatu ni la babu kwenye karatasi moja na la ukoo kwenye nyingine. Tarehe za kuzaliwa nazo hupishana, 1996 huku na 1998 kule, kwa sababu shule ilipunguza miaka.

   Tofauti ndogo ya herufi huweza kuponywa kwa kiapo kinachosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Tofauti ya mwaka wa kuzaliwa au ya jina zima irekebishwe kwenye chanzo, RITA au NIDA, kabla ya ndoa. Ukioana na jina lenye kasoro, kasoro itahamia kwenye cheti cha ndoa, itoke hapo iende kwenye bima ya afya, pasipoti na vyeti vya watoto. Marekebisho ya karatasi tano ni kazi kubwa kuliko ya karatasi moja.

5. Apeni viapo vinavyohitajika. Kiapo cha hali ya ndoa na kiapo cha majina vinaapwa mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, au mahakamani. Soma kabla ya kusaini. Mawakili wana nakala iliyokwisha kuandikwa ambayo wanabadilisha jina tu, na si ajabu kukuta kiapo chako kimebaki na kijiji cha mteja wa jana. Kusema uongo kwenye kiapo au kwenye taarifa ya ndoa ni kosa la jinai. Mwenye mke Kasulu asiape Kigoma kwamba hana.

6. Jazeni taarifa ya nia ya kufunga ndoa. Mnasaini wote wawili, hivyo nendeni wote wawili. Fomu itataka majina, umri na makazi yenu. Majina ya wazazi na wanakoishi. Tamko kwamba hamna undugu unaozuia ndoa. Hali ya ndoa ya kila mmoja. Na kama mwanamume ana mke, jina la mke huyo. Andikeni kwa herufi kubwa, kalamu ya bluu au nyeusi, bila kufuta. Mkikosea ombeni fomu nyingine.

   Kuna swali moja linalohitaji mazungumzo ya nyumbani kabla hamjafika: ndoa ni ya mke mmoja, au inaweza kuwa ya wake wengi? Ndoa ya serikali inakubali yote mawili. Mkichagua mke mmoja, mume hawezi kuongeza mke wakati ndoa hiyo ipo. Kuibadilisha kunataka tamko la maandishi la hiari ya wote wawili, mbele ya jaji au hakimu. Msijibu swali hili mkiwa mmesimama dirishani na foleni nyuma yenu, bwana akisema "andika yoyote tu". Bibi harusi, hakikisha umeona kilichoandikwa.

7. Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali. Ni tarakimu 12, inaanza na 99, unalipa kwa simu, benki au wakala. Jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha liwe la taasisi, siyo la mtu. Hifadhi ujumbe na uchapishe risiti. Anayekwambia "nitumie kwenye namba yangu nikuharakishie" hana cha kuharakisha, maana siku 21 haziendi mbio.

8. Hesabuni siku 21 sawasawa. Mkipokelewa Jumatatu tarehe 4, siku 21 zinatimia Jumatatu tarehe 25. Wekeni ndoa Alhamisi tarehe 28 au Ijumaa tarehe 29, siyo 25 yenyewe, ili pawepo nafasi ya sikukuu au safari ya msajili. Siku zinahesabiwa tangu taarifa ilipopokelewa rasmi, siyo tangu mlipochukua fomu. Ombeni nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila hiyo, faili likipotea mnaanza siku ya kwanza.

   Tangazo litakuwa wazi kwa muda huo wote, na mtu yeyote mwenye sababu ya kisheria anaweza kuleta pingamizi. Piteni mara moja katikati ya wiki ya pili mhakikishe kweli limebandikwa na majina ni sahihi.

9. Thibitisheni siku tatu kabla. Piga simu au fika. Saa ngapi, chumba kipi, watu wangapi wanaruhusiwa kuingia. Ofisi ni ndogo. Ndugu hamsini na matarumbeta wabaki nje chini ya mti. Mkitaka kufungishwa nje ya ofisi, ombeni wakati wa kuwasilisha taarifa, maana kuna kibali na ada yake.

10. Siku yenyewe. Fikeni nusu saa kabla na vitambulisho halisi, siyo nakala. Mashahidi waje na vyao. Shahidi aliyeacha kitambulisho Kibirizi kwenye boti si shahidi. Msajili atawauliza kila mmoja, mbele ya mashahidi, kama anaridhia kwa hiari yake. Jibu kwa sauti. Kutikisa kichwa kwa aibu, kama shangazi alivyokufundisha, hakutoshi hapa. Kisha mnasaini ninyi, mashahidi na msajili.

11. Someni cheti kabla ya kutoka mlangoni. Mpiga picha asubiri. Kagua majina yote, tarehe ya ndoa, tarehe za kuzaliwa, majina ya baba, aina ya ndoa, saini na muhuri. Kosa linalorekebishwa saa ileile ni la dakika kumi; likigunduliwa mwaka kesho ni maombi mapya na kiapo. Kisha pigeni picha cheti kwa simu, pande zote mbili, na mwandike namba yake mahali pengine.

Mnaofunga kanisani, msikitini au kimila

Siku 21 zinawahusu ninyi pia, ila taarifa mnampa kiongozi wenu wa dini. Zile Jumapili tatu za kutangazwa kanisani ndizo siku hizo hizo zikiwa zimevaa suti.

La kuangalia ni moja: anayewafungisha ana leseni ya kufungisha ndoa kutoka kwa Msajili Mkuu wa ndoa? Padri na wachungaji wa madhehebu makubwa huwa nayo. Kwenye makanisa madogo na mitaa mipya, ulizeni. Si utovu wa adabu: "Shikamoo mchungaji, ofisi ya bima inataka cheti kinachotambulika, tunaomba kujua utaratibu wa leseni yako." Mwenye nayo ataionyesha. Pia ulizeni cheti kitatoka kwenye kitabu cha usajili au ni kile cha maua kilichochapwa stationari. Cha maua kinapendeza ukutani, lakini mwajiri hakitaki unapoomba uhamisho wa kumfuata mwenza, wala bima ya afya haitakipokea. Mwisho, mkumbusheni apeleke kumbukumbu ya ndoa kwa msajili. Kisha baada ya mwezi mmoja au miwili fuatilieni wenyewe kama imefika.

Kwa Waislamu, walii, mashahidi na mahari ni mambo ya sheikh, na mjane ataulizwa kuhusu eda, miezi minne na siku kumi. Bomani hawaulizi hilo.

Waliooana kimila tayari wana ndoa. Wanachokosa ni usajili, na sheria inawapa siku 30 baada ya ndoa kuomba. Muda ukipita ndoa haifutiki, ila ushahidi unazidi kuwa mgumu. Nendeni na barua ya mtendaji, wazee wawili waliokuwepo na kiapo, kabla wazee wenyewe hawajaondoka.

Na wale wa sogea tukae? Waliokaa pamoja miaka miwili na zaidi na jamii ikawahesabu mke na mume, sheria huwadhania kuwa wameoana. Ni dhana tu, na inaweza kupingwa mahakamani, kwa kawaida wakati mmoja amekwisha kufa na shemeji wamekuja kuchukua nyumba. Mkiwa hai na mnapendana, hakuna kinachowazuia kufuata hatua zilizo juu.

Mmoja wenu akiwa Mrundi, Mkongo au raia mwingine

Kigoma hili ni la kila wiki. Mgeni anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria inayotambulika, kibali halali cha kuwepo nchini, cheti cha kuzaliwa, na hati ya kwao inayothibitisha kuwa hana ndoa. Burundi na Congo hati hiyo huitwa "attestation de célibat" na hutolewa na uongozi wa komini. Imeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo itafsiriwe na mfasiri anayetambulika, siyo binamu aliyesoma Bujumbura. Anzieni kwenye ubalozi mdogo wa nchi husika uliopo Kigoma mjini, mpite pia ofisi ya Uhamiaji kabla ya kupeleka taarifa bomani.

Aliyeingia kwa mtumbwi au kwa njia ya panya kupitia Manyovu asitegemee ndoa imsafishie kibali. Ndoa na Mtanzania haimpi mtu uraia papo hapo. Mke mgeni wa Mtanzania anaweza kuomba uraia, lakini hayo ni maombi mengine, kwa masharti yake. Mkimbizi aliyeko kambini, kama Nyarugusu, anahitaji kwanza kibali cha kutoka kambini, na njia yake inaanzia ofisi ya mkuu wa kambi.

Panapokwama

*Hatuwezi kusubiri siku 21.* Msajili Mkuu anaweza kuondoa sharti la taarifa kwa leseni maalum, kukiwa na sababu ya kutosha na ushahidi: barua ya safari ya kikazi yenye tarehe, taarifa ya hospitali. Andikeni maombi kupitia ofisi ya DAS na muulize ada na muda. "Ukumbi tumeshalipia" si sababu.

*Kuna mtu ameleta pingamizi.* Msigombane naye ubaoni. Ndoa inasimama, jambo linapelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo inaamua. Mke wa ndoa ya wake wengi anaweza kupinga mume kuoa mwingine kwa hoja kwamba kipato chake hakitoshi na familia itataabika. "Simpendi huyo binti" au "si kabila letu" si hoja ya kisheria.

*Mzazi anagoma.* Kama wote mmetimiza miaka 18, ndoa ya serikali haihitaji ridhaa yake. Inahitaji ridhaa yenu. Upande wa pili ni uleule: aliyelazimishwa anaweza kumwambia msajili hapohapo kuwa hataki, na ndoa haitafungwa.

*Mtendaji ananizungusha na barua.* Panda kwa mtendaji wa kata. Nenda na kitambulisho na mjumbe au jirani anayekufahamu.

*Tulifunga kanisani miaka mingi, jina letu halionekani kwa msajili.* Rudini parokiani au usharikani mkiwa na cheti, ombeni kitabu kifunguliwe mpate namba ya ndoa na jina la aliyefungisha, kisha mpeleke vyote kwa msajili wa wilaya kuomba usajili. Kutosajiliwa hakubatilishi ndoa yenyewe.

*Cheti kimepotea au kimeliwa na mchwa.* Chukua taarifa ya upotevu polisi, kisha uombe nakala mahali ndoa iliposajiliwa. Watakuuliza vitu vitatu: namba ya cheti, tarehe ya ndoa na wilaya ilipofungwa. Ukiwa na ile picha ya kwenye simu, vyote vitatu unavyo.